Ramu ya Mia Tatu Thelathini na Tatu

Tarehe kumi na mbili Mfungo Tano, siku ya Jumatano, kabla ya adhana ya alfajiri, nilimpoteza mama yangu. Tulimzika siku hiyohiyo alasiri. Siku ya tatu ya msiba, wanawake tukiwa tumekaa kwenye mikeka, binti wa jirani alijifungia chumba cha nyuma akawa anapaka rangi kucha zake. Harufu ikapita chini ya mlango. Bibi mmoja akapaza sauti, "Nani huyo anapaka rangi msibani? Anaolewa leo?" Watu wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka msibani, kisha wakanyamaza tena. Mimi harufu ile ilinikaba. Waliokaa karibu walidhani uchungu umenirudi, wakaniletea maji. Nikanywa, nikashukuru, sikuwaeleza.

Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nitaandika kama nilivyoona. Pale nilipokosea mimi, nitasema nilikosea mimi.

Ninyi mlio rika langu mtakumbuka kompyuta zilivyoingia Mtwara. Yetu ilifika mtaani kwetu Magomeni juu ya mkokoteni, imefungwa kwa shuka, mama akitembea kando yake na mkono ameuweka juu, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga shughuli zake. Mama alikuwa mchapaji. Baba alifariki sijaanza shule, na taipureta ya mama ndiyo iliyotulisha: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala za wageni rasmi, mitihani ya shule. Kompyuta iliwekwa chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, ikafunikwa vitambaa vya kufuma: kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, na kirefu cha lile boksi tuliloliita sipiyu. Ukiingia unavua viatu. Mimi niliruhusiwa kuifuta vumbi lakini sikuruhusiwa kuigusa, na nilihangaika sana kujua hayo mawili yanafanyikaje pamoja.

Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Baadaye ikaanza kukwama. Mama anabonyeza herufi, herufi haiji, anabonyeza tena, halafu zinakuja tano kwa mpigo. Sekondari moja ilikuwa imeanza kumletea mitihani yenye majedwali na michoro, na kila akifungua mchoro kompyuta ililala. Mama anaegemea kiti, anaitazama, anasema, "Haya, ukimaliza kuswali utaniambia."

Ndipo akaja fundi Sadiki. Alikuwa mtu wa Tabora, mwembamba, mpole wa sauti, amepanga chumba karibu na msikiti. Alitengeneza redio na televisheni, na kompyuta alijifunza Dar es Salaam. Hakuwa na ndugu hata mmoja pale mjini. Mtaani walimwita mtu wa kuja, hata alipokuwa ameshakaa miaka mitatu.

Niseme mapema jambo ambalo wakati ule nilikuwa silijui. Fundi Sadiki alikuwa ameshamwambia mama kwamba anataka kumuoa. Mama alimjibu asubiri mjomba aje amtazame. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na dada mwenyewe haolewi bila yeye kukubali. Wazee wa msikitini walikuwa wamekubali kuja kutoa posa kwa niaba ya fundi, kwa kuwa hakuwa na wazee wa kwao. Kilichobaki kilikuwa neno la mjomba. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilichoona ni mwanamume anayekuja mara kwa mara, anaongea na mama kwa sauti ya chini, na nikiingia wananyamaza. Nikaamua ana jambo.

Siku ya kwanza alipoifungua ile sipiyu, mimi ndiye niliyemshikia tochi. Kwanza aliiwasha akaisimamisha kwenye ule ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe, akanakili kwenye daftari lake jina la prosesa na mwendo wake. Halafu akaizima, akafungua ubavu wake kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na vumbi kama pamba, na mjusi mdogo aliyekauka.

"Zai, usitikise tochi," aliniambia. "Wewe una macho mapya. Nisomee hapo kwenye bodi, kando ya vile vitundu virefu, pameandikwa nini."

"Tatu, tatu, tatu."

"Ahsante. Basi mia tatu thelathini na tatu ndio mwisho wake."

Akamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga. "Mama Zai, inayokwamisha ni ramu, memori yake hii hapa. Kuna vipande viwili, vyote vidogo na vyote vya mwendo wa mia mbili sitini na sita. Nataka tutafute kipande kimoja kikubwa, cha mia tatu thelathini na tatu."

"Si kuna za kasi zaidi ya hapo?"

"Zipo. Lakini nikuulize. Wewe ukiwa unachapa, mimi nikakusomea barua haraka kuliko vidole vyako, utachapa haraka zaidi?"

"Utanisubiri tu," mama akacheka. "Au nitakufukuza."

"Basi. Prosesa ndiyo vidole, ramu ndiye anayesoma. Huyu wa sasa anasoma polepole, tena ana ukurasa mmoja tu mkononi, kila saa anakwenda chumba cha pili kufuata mwingine. Tumpate mwenye kurasa nyingi, anayesoma kwa mwendo wa vidole vyenyewe. Zaidi ya hapo ni kutupa pesa."

Mama alifurahi kwa maelezo yale. Nilimwona anavyofurahi, na sikupenda.

Fundi akachomoa kipande kimoja cha zamani ili akipeleke Dar kama sampuli, muuzaji asije akampa kisichoingia kwenye tundu. Kabla ya kukifunga alikisugua ukingo wake kwa kifutio cha penseli, na pale paliposuguliwa pakang'aa. Palikuwa na safu ya meno madogo ya njano.

"Fundi, hiyo dhahabu?" nikauliza.

"Ni dhahabu kweli," akasema, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema kweli, "ila nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu."

Mimi la ngozi ya kitunguu sikulisikia. Nilisikia dhahabu. Nikamwona anakifunga kipande kile kwa gazeti, anakitia mfuko wa shati, anafunga kifungo, anapiga mfuko mara mbili kwa kiganja. Mtu asiye na ndugu, anaondoka na dhahabu yetu, na mama anamshikia mlango.

Baada ya siku mbili mjomba Hamisi alikuja kutoka Mahurunga. Korosho zilikuwa zimeuzwa, naye ndiye aliyekuwa ametoa fedha za ramu. Mjomba alikuwa mtu mwema kwangu na mgumu kwa dunia yote. Zamani alipeleka redio yake kwa fundi mjini ikiwa inakwaruza tu, ikarudi haikwaruzi lakini inaongea kama mtu mwenye mafua. Alipoifungua mwenyewe akakuta spika ndogo, si ile yake. Tangu siku hiyo kila kitu chake kilikuwa na alama. Baiskeli ilikuwa na alama chini ya kiti, panga kwenye mpini, godoro kwenye kona, hata kuku wake walikuwa na uzi mguuni. Alitumia rangi ya mlango, na ikikosekana alitumia rangi ya kucha ya mkewe. Alikuwa akisema fundi hamwibii mtu asiyekuwepo, anamwibia aliyekaa anamtazama.

Nilimweleza yote. Nilimweleza dhahabu, gazeti, kifungo cha shati, na sauti za chini. Alisikiliza huku akimenya muhogo.

"Na mashine sasa ikoje?"

"Imezidi kuwa nzito, mjomba."

Ni kweli ilikuwa imezidi, kwa sababu kati ya vipande viwili ilibakiwa na kimoja. Hilo hatukulifikiria, mimi wala yeye.

"Unaona," akasema. "Kaichukua nguvu yake, kaondoka nayo."

Mama aliyasikia kutoka jikoni. "Kaka, jamani. Sampuli ile."

"Dada, mimi sijasema kitu. Nahesabu siku tu."

Na siku zilikuwa nyingi. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya Dar ilikuwa tope, mabasi yalilala Rufiji yakisubiri barabara ipitike. Siku ya sita haikuwa na habari, ya saba pia. Mjomba alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na jamaa yake mmoja wa Naliendele, mtu aliyekuwa na kompyuta nyumbani kwake. Karatasi ilikuwa imeandikwa namba moja tu, mia nne, kwamba hizo ndizo ramu za sasa zenye kasi. Alimpa fundi namba hiyo kwa simu ya dukani kabla fundi hajatoka Dar kurudi, na fundi akamjibu, "Nimekusikia mzee." Mjomba aliichukua kuwa ni ndiyo. Fundi, nadhani, alikuwa anaogopa kubishana na shemeji mtarajiwa kwenye simu inayokatika.

Siku ya tisa, mchana wa Jumatano, alifika kwetu moja kwa moja kutoka stendi. Suruali ilikuwa na tope hadi magotini. Alivua viatu nje, akanawa miguu kwenye bomba, akamsalimia mjomba kwa mikono miwili. Kisha akatoa kipande kipya kwenye plastiki yake akakiweka juu ya kitambaa cha kufuma, mbele ya mjomba, kama mtu anayeweka mahari.

Mjomba alivaa miwani. Akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa kidole, namba moja moja. Akaisoma tena.

"Fundi."

"Naam mzee."

"Mimi nilikutuma mia nne."

"Ndiyo mzee."

"Hapa naona mia tatu thelathini na tatu. Sitini na saba imebaki wapi? Rufiji?"

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Hata fundi alitabasamu, na lilikuwa kosa kutabasamu. Akaanza kueleza yale ya vidole na msomaji, lakini kwa mjomba hayakufika. Mjomba hakuwa mchapaji. Fundi akajaribu njia nyingine. "Mzee, bodi hii mwisho wake ni hapo. Ukiipa ya mia nne itatembea mwendo uleule wa mia tatu thelathini na tatu, au itaikataa kabisa. Na bei zilikuwa karibu sawa. Ningetaka kukuibia, ningekuletea namba unayoitaka."

Sasa naona ni neno la mtu mkweli. Wakati ule lilitua vibaya, kwa sababu alitaja kuiba kabla hajaulizwa. Mjomba alivua miwani polepole.

"Na ile ya zamani uliyoondoka nayo?"

"Ipo kwenye begi langu, begi limebaki kwa kondakta. Nitaileta. Na hii iliyomo tutaitoa, maana zikichanganywa, mpya itashuka mwendo iifuate ya zamani. Zote mbili ni mali ya Mama Zai."

"Mpya inaingia moja, za zamani zinatoka mbili," mjomba akasema, kama mtu anayejisomea. "Haya. Fanya kazi."

Lakini umeme haukuwepo. Tuliambiwa utarudi alasiri. Fundi akaomba ruhusa akaoge na kuswali. Akaiacha ramu palepale mezani.

Mjomba aliniita nje, karibu na jiko la mkaa. "Mpwa wangu, nenda kaweke alama. Pembeni, nyuma ya ile karatasi yenye namba. Ndogo, kama kichwa cha njiti. Akija kuondoka na kitu, tutajua ni chetu au si chetu. Usimwambie mama yako."

Nilijua rangi ilipo. Mama alikuwa na chupa ndogo nyekundu ndani ya kopo la nyuzi, mpya, aliyoinunua mwezi ule. Tangu baba afariki sikuwahi kumwona amepaka rangi. Sikujiuliza kwa nini ameinunua. Nilifurahi tu kwamba ipo.

Nilipoishika ramu, nilisimama nikaitazama. Upande wa karatasi ulikuwa na vidubwasha vyeusi visivyo na thamani yoyote machoni pangu. Dhahabu ilikuwa kule chini, kwenye meno. Kama fundi anataka kuiba, nikawaza, ataiba nini, karatasi? Ataikwangua dhahabu. Basi alama inatakiwa iwe juu ya dhahabu yenyewe. Nikachovya brashi, nikapaka meno ya kona nzima, karibu upana wa kidole gumba, mbele na nyuma. Sikupaka kama kichwa cha njiti. Nikapuliza hadi ikakauka. Nikairudisha ilivyokuwa, meno yakitazama ukuta. Nilijiona nina akili kuliko mjomba.

Umeme ulirudi baada ya alasiri. Fundi aliivua ramu ya zamani, akaiweka juu ya meza kila mtu aione, akaichomeka mpya bila kuitazama sana kwa kuwa aliitoa kwenye plastiki mwenyewe. Ikaingia kwa mlio mdogo. Akawasha.

Kioo kikabaki cheusi. Sipiyu ikalia, milio mitatu mirefu, ikanyamaza, ikalia tena.

"Inasemaje?" mjomba akauliza.

"Inasema haioni ramu."

"Haioni au haipo?"

Fundi akazima, akaichomoa, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi. Tochi ilikuwa mkononi mwangu. Aliona. Nilimwona alivyoona, kwa sababu kidole chake kilisimama kwenye kona ile. Kisha macho yake yakapanda kutoka kwenye ramu, yakapita mkono wangu, yakaja usoni kwangu. Hayakuwa ya hasira. Alinitazama kama nilivyokuja kuwatazama wanangu wakiwa wamemwaga kitu.

Akageuka kidogo, akampa mjomba mgongo, akaanza kukwangua kwa ukucha.

Mjomba akainuka. "Unakwangua nini?"

"Vumbi tu, mzee."

Mjomba alifika mezani, akaweka kidole kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, akakiinua. Kilikuwa na chembe nyekundu.

"Vumbi la Tabora ni jekundu?"

Fundi akaacha kukwangua.

"Nimekuuliza. Hii ni alama. Niliagiza mimi iwekwe. Na wewe nimekukuta unaifuta, umenipa mgongo, unaniambia vumbi."

"Mzee, samahani. Si vumbi, ni kweli. Ni rangi. Imepakwa kwenye meno, ndiyo sababu ilikataa kuwaka. Ikitoka itawaka, utaona."

"Kwanza vumbi, sasa rangi. Baadaye itakuwa nini?" Mjomba akanigeukia. Aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha, kwa sababu nilijua ukiisha kinafuata nini. "Zai, mpwa wangu. Alama uliiweka wapi?"

Ninyi mngefanya nini? Mimi nitasema nilichofanya. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Fundi alikuwa ameshika ramu, hanitazami, anatazama chini, ili asinilazimishe. Nilikuwa na miaka kumi lakini nilikuwa ninaelewa: nikisema kwenye meno, kosa ni langu, na nimevunja agizo la mjomba, na mashine nimeiharibu mimi.

"Pembeni, mjomba," nikasema. "Nyuma ya karatasi."

Mjomba akaichukua ramu, akaigeuza pembeni. Pembeni hapakuwa na kitu. "Basi ile yenye alama iko wapi?" akamuuliza fundi. Kwa hesabu yake, hii ilikuwa imebadilishwa, au alama imeshafutwa upande mmoja na upande wa pili ndio anaumalizia. Kwa vyovyote alikuwa amemkamata.

Fundi Sadiki alinyoosha mkono. Aliomba arudishiwe ramu amalize kazi. Akakwangua rangi yote iliyobaki, mbele ya macho yetu, akasugua meno kwa kifutio pande zote mbili, akachomeka, akawasha. Mlio mmoja mfupi. Kioo kikawaka, namba zikapanda, zikasimama mahali ambapo hazijawahi kusimama. Akafungua ule mchoro wa mtihani uliokuwa unailaza mashine kila siku. Ulifunguka kabla mkono wake haujatoka kwenye kibodi.

"Ipo tayari, Mama Zai," akasema.

"Kunywa chai, fundi," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi akamtazama mjomba. Mjomba hakusema karibu. Fundi akakusanya bisibisi zake, akavaa viatu vyake vyenye tope, akaondoka. Chai ilibaki kwenye sinia hadi ikashika utando.

"Dada," mjomba akasema, "mtu kama huyo nimkalishe kwenye jamvi Ijumaa, wazee wakija na posa, nimpe mkono? Leo anafuta alama ya ramu. Kesho atafuta ipi?"

Mama akasogea kwenye kompyuta. Alikaa kwenye kiti chake akaanza kuchapa mtihani. Alichapa hadi magharibi, na mashine haikukwama hata mara moja. Ijumaa ilipita, wazee wa msikitini hawakuja. Jumamosi mjomba alirudi Mahurunga, na aliponiaga alinipapasa kichwa akaniambia nimemsaidia mama yangu.

Jumapili asubuhi nilikuwa ninafagia mbele ya ofisi ya mama. Fundi Sadiki alikuja na begi begani na mkononi kifurushi cha gazeti.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Zai. Mama yupo?"

Mama alikuwa uani, anafua. Ningemwita kwa sauti ya kawaida tu angesikia. Lakini nilidhani amekuja kunisema kwa mama. Kila usiku tangu Jumatano nilikuwa ninalala nikimngoja aje kunisema.

"Hayupo," nikasema.

"Amekwenda mbali?"

"Amekwenda Naliendele. Harudi leo."

Alisimama kidogo. Nikaona anatazama mlango, na kitambaa cha kufuma, na viatu vya mama vilivyokuwa pale kizingitini. Sijui kama aliviona. Akanipa kifurushi. "Hii ni ile ya zamani. Mpe. Mwambie nilikuja kuaga, naondoka na basi la leo. Mwambie..." Akaacha. "Basi, mwambie hivyo." Akaongeza, kama mtu aliyekumbuka, "Na wewe soma, Zai. Una macho mazuri."

Nilikichimbia kifurushi mchangani nyuma ya jiko. Mama alipotoka uani na beseni, akauliza, "Nilisikia mtu. Nani?"

"Mtu anauliza njia," nikasema.

Fundi hakurudi tena Mtwara. Wengine walisema yuko Masasi, wengine Tabora. Ile mashine mama aliitumia miaka mingi, akachapia mitihani ya watoto wa watu. Hakuolewa. Mjomba alitangulia, Mungu amrehemu, akiamini alimwokoa dada yake. Mimi niliendelea kuwa mtu wa kutazama mikono ya watu. Hata mume wangu alilalamika juu ya hilo.

Mama alipougua nilirudi kumuuguza. Wiki mbili kabla hajafa, mchana, tukiwa wawili tu, nilimwambia. "Mama, ile rangi kwenye ramu niliipaka mimi. Kwenye meno. Na mjomba aliponiuliza nilidanganya."

"Najua," akasema. "Chupa niliikuta imefungwa vibaya, rangi imekauka mdomoni."

"Mbona hukusema?"

Alifumba macho. "Ulikuwa mtoto. Na kumwambia kaka ningeweza kumwambia, nilikuwa najipanga. Lakini nikasema kwanza nimngoje mwenyewe. Mtu akikutaka kweli atarudi, hata kwa kuaga tu. Hakurudi. Nikasema basi, huenda kaka aliona nisichokiona mimi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kosa kubwa halikuwa lile la Jumatano. Ningeweza kunyamaza. Angekufa na amani aliyoizoea, na mimi ningebaki na yangu. Nilifikiria hivyo kweli, sitawaficha. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

"Alirudi, mama."

Akafumbua macho.

"Alikuja kuaga. Mimi nilimwambia hupo. Alileta ile ramu ya zamani, nikaifukia."

"Siku gani?"

"Jumapili ile."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Uani. Ulikuwa unafua."

Alitazama dari. Midomo yake ilisogea kama mtu anayepiga hesabu ya hatua, kutoka uani hadi mlango wa mbele. Kisha akatoa mkono wake kwenye wangu, si kwa nguvu, akasema, "Nigeuze huku."

Nikamgeuza upande wa ukuta. Akasema mto umepanda sana. Nikaushusha.